Ini la Mwenye Pori

Tangu Jumanne mtoto Sauda hakulia tena. Alikuwa na siku thelathini na mbili. Hata akiogeshwa kwa maji baridi, alitazama tu juu kwenye bati. Majirani walimsifu: "Mama Sauda, mutoto wako iko mupole sana!" Hidaya, mama yake, aliwashukuru na kuendelea kufua, mikono ikifanya kazi kama ya mtu mwingine.

Kila adhuhuri chumba kilinuka majani mabichi na damu. Kisha chini ya kitanda kilianza kitu kutafuna, polepole, kwa adabu.

Iliasi, mumewe, aliuza vitambaa sokoni Kasongo, naye alikuwa na bunduki. Octave, mkulima wa njia ya Kabambare, ndiye aliyewinda nayo. Huko kila nyama ina mafungu yake: kidari cha chifu, paja la nyuma la mwenye bunduki, kichwa na shingo vya mwindaji, utumbo wa wanaoswaga wanyama. Ini halina mtu. Huwekwa juu ya jani chini ya mti, kwa mwenye pori asiyeonekana, na watu huondoka bila kugeuka.

Lakini Octave alikuwa amemwona Hidaya baada ya kujifungua, akitembea kwa kushika ukuta. Alipoleta paja la funo, alitoa pia kifurushi kutoka mfukoni.

"Dada, kula hii. Fadhili, Mwislamu mwenzenu, ndiye alichinja, usiogope. Itakurudishia damu."

Hidaya alilila ini lote, akalia kwa shukrani. Hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sasa kutafuna kulipanda kutoka chini ya kitanda hadi ndani ya godoro, na harufu ikamfuata mpaka jikoni, na kila alipomweka Sauda kifuani alihisi mtoto amekuwa mwepesi kuliko jana, na macho yale madogo hayakumtazama yeye bali kitu kilichosimama nyuma ya bega lake, naye hakugeuka, kwa sababu hata woga ulikuwa umemwisha.

Iliasi alimwita Octave. Alifika kwa baiskeli, amempakia mama yake, Victorine, mjuzi wa dawa za wawindaji. Mama huyo alinusa mlangoni tu.

"Octave, ulimupatia ini ya mwenye pori?"

"Mama, niliona anakufa."

"Na yule naye alikuwa na njaa."

"Nitatoa mbuzi," Iliasi alinong'ona. "Nitatoa na bunduki."

"Patroni," Victorine alimjibu, "huko porini hawajui kama wewe ni patroni, mwenye bunduki. Anataka fungu lake."

"Lakini limekwisha kuliwa!"

"Limeingia katika maziwa. Mutoto analinyonya, na yeye anamunyonya mutoto." Victorine alimshika Hidaya shavu. "Mwanangu, kamua juu ya jani, ulisukume chini ya kitanda, utoke. Usigeuke."

Hidaya alikamua mpaka matiti yakauma. Alipofika mlangoni alisikia ulimi ukiramba jani, mrefu, mzito, kisha kimya. Harufu ikaondoka. Uani, mikononi mwa Octave, Sauda alipasuka kwa kilio, na Iliasi akaketi chini akalia naye.

"Lia, bibi mudogo, lia!" Octave alisema akicheka. "Leo kelele yako ni muziki."

Kesho yake adhuhuri Sauda alilala nje kifuani mwa baba yake. Hidaya alikuwa chumbani peke yake, ameketi akichambua mchele, alipohisi uzito wa baridi ukipanda mapajani. Hapakuwa na kitu cha kuona. Harufu ya majani mabichi ilimjaa puani, na mdomo mpana, wenye meno, ukashika titi lake na kuanza kunyonya.

Alifumbua kinywa amwite Iliasi.

Nje Sauda aliamka, akalia kwa nguvu, kwa afya, kama mtoto yeyote.

Hidaya akafumba kinywa. Akasogeza sinia ya mchele pembeni, akainua mkono kidogo, ili kichwa kile kipate pa kuegemea.