Mdomo wa Bomba Usizibwe

Kila asubuhi Eunike alikamua ng'ombe wake, kisha akaosha vibuyu vya maziwa kwa maji ya mfereji. Maji ya mlimani ni baridi, yanauma vidole, na hayatoi mafuta ya maziwa yanayoganda kibuyuni. Lakini kuchemsha debe zima kungemaliza kuni za siku mbili. Basi maziwa yake yakawa yanachacha njiani. Bi Mwantumu, mwenye mkahawa mjini Moshi, alikuwa ameyakataa mara mbili.

"Ya tatu natafuta mtu mwingine, mwanangu," alimwambia. "Ila nitakuletea kaka yangu Rajabu. Ni fundi bomba."

Jumamosi Rajabu alipanda mlima. Aliweka pipa la maji juu ya mawe, akatia koki chini yake. Kutoka hapo bomba la shaba liliingia jikoni, likazunguka mara tano juu ya moto, likatokea kwenye karai.

"Fundi, maji ya moto yanakaa wapi?" aliuliza Eunike.

"Hayakai. Yanapata moto yakipita. Unachemsha ya kuoshea tu, kwa vijiti vichache."

Rajabu akafungua koki, akawasha vijiti, na maji yalipotoka Eunike aliyagusa. "Mae! Yanaunguza!" Akacheka kama mtoto.

Mumewe, Eliufoo, hakufurahi kuona maji yakimwagika. Zamu ya mtu kutumia maji ya mfereji ikiisha, huuziba kwa kipande cha mgomba. Naye akafanya hivyo hivyo: akachonga kipande, akaziba mdomo wa bomba. Hajamaliza kujisifu, bomba likaanza kutetemeka na kunguruma.

"Msiliguse!" Rajabu alipiga kelele. Akavuta kuni zote nje, akawatoa wote jikoni. Wakangoja mpaka kukawa kimya.

"Bwana Eliufoo, mvuke ukikosa njia hupasua shaba," alisema taratibu. "Mdomo huu uwe wazi siku zote. Fungua maji kwanza, ndipo uwashe. Ukimaliza, toa moto, bomba lipoe, ndipo ufunge koki ya pipa."

Eliufoo alimtazama mkewe. "Nimeokoa maji," alisema, "kidogo nikupoteze wewe." Eunike alimshika mkono.

Jumapili aliosha vibuyu kwa maji ya moto, akavianika. Jumatatu alipeleka kibuyu kimoja cha maziwa mjini, na Bi Mwantumu akayabandika motoni mbele yake. Wote wawili waliikodolea macho sufuria. Maziwa yalichemka, yakapanda, hayakukatika.

"Kesho lete vibuyu viwili," alisema Bi Mwantumu.

Eunike alirudi mlimani akiimba peke yake barabarani, bila aibu.