Harusi Iliyoahirishwa Mara Mbili

"Siku zako lini, mwanangu?" Bi Hindu aliuliza tena, kalamu mkononi.

Bi Hindu ndiye somo, mama wa kumfunda bi harusi, na kwao Lamu tarehe haipangwi mpaka somo ajue bi harusi ataingia lini hedhini. Shifaa alitaja tarehe iliyomjia kinywani, kama alivyofanya mara mbili zilizopita. Ukweli ni kwamba siku zake hazikuwa na mpango. Zilikuja zikitaka, na zikija zilimlaza sakafuni akiuma leso asisikike. Ndiyo maana harusi ilishaahirishwa mara mbili kwa visingizio.

"Ya tatu hii," Bi Hindu alisema. "Kama kuna jambo nambia. Mficha uchi hazai."

Shifaa alicheka, kisha akaenda kulia chooni.

Daktari wa Mombasa alishamweleza mwaka jana. Ugonjwa unaitwa endometriosis: nyama inayofanana na utando wa ndani wa mji wa mimba huota nje yake, ikavimba na kuvuja damu. Si uchawi, si uhuni, si laana. Kuna dawa za kutuliza, pengine upasuaji. Kuzaa kunaweza kuwa kugumu, ingawa wengi huzaa. Shifaa aliyasikia yote, akarudi na moja tu: kuzaa kugumu. Hata mamake hakumwambia.

Jumatano Hussam, mchumba wake, dereva wa kreni kwenye bandari mpya, alimpigia simu.

"Shifaa, mama auliza, watu wauliza. Na mimi nauliza. Kuna mwingine?"

Hapa ndipo Shifaa alipokosea, na tusimfiche. Aliona afadhali aitwe mhuni kuliko kutamka neno hedhi mbele ya mwanamume.

"Yuko," alisema.

Hussam akakata simu.

Siku mbili Shifaa alisubiri kutukanwa, maana Lamu hakuna kichochoro kisicho na masikio. Ijumaa mamake alirudi kutoka kwa jirani amenuna. Uchumba umevunjika, alisema, na Hussam mwenyewe amewaambia watu kosa ni lake, kwamba hajawa tayari kuoa. Mama akamlaani kijana wa watu mpaka akachoka. Shifaa aliona aibu nyingine, nzito kuliko ile ya kwanza. Yeye alimdanganya Hussam, na Hussam akamsitiri.

Aliandika meseji, akafuta, akaandika tena: "Hakuna mwingine. Naugua. Nipigie, na nikinyamaza usikate."

Hussam alipiga. Shifaa aliugeukia ukuta akamweleza yote kwa sauti ya chini, damu, dawa, mji wa mimba, na kwamba huenda akangojea mtoto asimpate.

"Kwa hiyo uliona heri niamini una mwanamume," Hussam alisema, "kuliko niamini waumwa?"

"Naam."

"Umenivunja, Shifaa. Siku mbili nzima kila mwanamume aliyepita mbele yangu nilimtazama usoni, nikisema ni huyu."

"Niwie radhi. Niliona haya."

Safari hii simu hakuikata.

"Hata mimi naona haya," alisema mwishowe. "Kila uliposema huwezi kutoka, nilikucheka. Nikikwambia wadeka."

Kesho yake Hussam alikwenda mwenyewe kwa Bi Hindu. Alimwambia uchumba umerudi, harusi ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi, na bi harusi asiulizwe kitu. Nikaha haibatiliki kwa hedhi, na yaliyobaki ni ya watu wawili. Bi Hindu amefunda mabinti miaka thelathini, hakuwahi kuambiwa hivyo na bwana harusi. Alijifunika uso kwa buibui, akaandika tarehe.

Alhamisi ilipofika maumivu nayo yalifika tangu asubuhi, utadhani yalipewa kadi. Shifaa alipambwa hivyo hivyo, amemeza vidonge viwili. Baada ya alasiri Hussam aliingizwa chumbani, wanawake wakatoka na vigelegele vyao.

"Hussam," alisema bila kuinua macho, "yeo..."

"Nayua."

Alijua kwa kumtazama uso tu kwamba leo anaumwa, akaketi sakafuni kando ya kitanda, na joho lake vile vile.

"Nionyeshe paumapo," alisema.

Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kumuuliza Shifaa hivyo, maana hakumpa mtu nafasi. Haya ilimjaa mpaka masikioni. Akaushika mkono wa mumewe, akauweka chini ya kitovu, palipouma.