Nguzo ya Chumba cha Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Felista alikuwa na kazi tatu: kuteka maji, kuwafungulia ndama na kufagia chumba cha bibi yake. Kazi mbili za kwanza alizifanya akiimba. Ya tatu aliifanya kimya, na haraka.

Chumbani mle mlikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ndogo, kama ya mtu anayekwaruza kinu kitupu kwa kucha: krr, krr, krr. Ukisogea, inanyamaza. Ukisimama kimya, inaanza tena. Na kila siku udongo kidogo ulidondoka kutoka darini, ukaangukia ngozi ya kulalia ya Bibi Dorkas, mahali palepale, kama umetupwa kwa mkono.

"Umemsikia?" Bibi aliuliza asubuhi moja, amempakata mdogo wake Felista, Paskali, ambaye alikuwa hajaanza kutembea.

"Nani, Bibi?"

"Ntandu. Ana njaa."

Felista alishika ufagio kwa nguvu. Jina hilo kila mtoto wa kijiji cha Mtinko alilijua. Ntandu alikuwa kaka yake babu. Katika njaa kubwa iliyofuata vita vya Wajerumani, watu walihama kwenda kutafuta chakula, yeye akabaki peke yake kulinda mji wake. Waliporudi walikuta mifupa mlangoni. Tangu hapo mji huo ukabaki mahame, haukulimwa wala kujengwa, hadi Lazaro, baba yake Felista, aliporudi kutoka vita vya Burma.

Lazaro alirudi na kovu begani na nyumba kichwani. Aliichora kwa kijiti katika vumbi la mahame yale: tembe yenye paa bapa la udongo, ndefu kuliko zote, vyumba vitatu, na madirisha mawili makubwa. Watu walikuja kutazama, wakacheka.

"Baba Felista, unajenga nyumba au kanisa?" aliuliza jirani yao, Manase, baba yake Ezekieli, ambaye hakuweza kupita mahali bila kuacha neno.

"Najenga nyumba yangu, Manase, katika ardhi ya baba zangu, kama nitakavyo mimi."

"Haya. Lakini mizimu haipiti mlangoni, bwana. Inapenda madirisha."

Nyumba ilisimama, kicheko kikaisha. Ilikuwa imetimiza mwaka mmoja na miezi kadhaa ilipoanza kukwaruza. Siku ya kwanza Bibi alimwuliza mwanawe, "Si mchwa hao?"

Lazaro aliigonga nguzo ya kati ya chumba, iliyokandikwa udongo toka chini hadi juu pamoja na ukuta. "Mchwa katika nguzo zangu, Mama? Kila nguzo humu ndani imeunguzwa mguu mpaka ikawa nyeusi. Na hii aliiunguza Felista mwenyewe. Niliiona kwa macho yangu."

"Basi kama si mchwa," Bibi alisema taratibu, "ni Ntandu."

Felista alikuwa amesimama mlangoni, akasikia yote mawili. Aliondoka upesi kabla hawajamwona.

Maana siku ile ya kuunguza nguzo, baba yake alimpa nguzo tatu. "Zigeuze motoni mpaka ngozi ya mti iwe mkaa, kipimo cha goti," alimwagiza. "Mti ulioungua mchwa hawauli." Mbili Felista aliziunguza vizuri. Ya tatu ilikuwa nene na nzito, na jua lilikuwa kali. Rafiki yake Yunisi akapita akikimbia. "Felista! Twende ziwani, wenzetu wanachota chumvi! Au umeolewa na hizo nguzo?" Felista aliutazama moto, akaitazama njia. Kisha akachukua mkaa, akausaga kwa maji, akaipaka nguzo ile weusi toka chini hadi gotini, vizuri kabisa, kama mtu anayepaka mafuta. Akaenda ziwani.

Jioni baba yake alipitisha kiganja juu ya nguzo zote tatu. "Huu ndio mkono wa binti yangu," aliwaambia watu. Nguzo ile nene ikachaguliwa kuwa ya kati, ya kubeba boriti kuu, katika chumba cha Bibi Dorkas.

Sasa nyumba ilikuwa inamtafuna. Bibi Dorkas alikuwa amebatizwa na Jumapili hakukosa ibada, lakini alianza kuweka konzi ya unga wa uwele chini ya nguzo. "Kula, shemeji," alinong'ona, "utuache." Asubuhi unga ulikuwa haupo, na mlangoni palikuwa na nyayo za kuku, ila hakuna aliyeziangalia. Wanawake waliacha kuja kutwanga pale. Hata Yunisi alisimama mbali, nje ya uzio, na kumwita Felista kwa kupiga mluzi.

"Kwenu siingii," alisema. "Mama kanikataza. Eti babu yenu anawala watu wa nyumba hiyo mmoja mmoja."

"Muongo!" Felista alijibu kwa hasira. Lakini neno hilo lilimrudia yeye mwenyewe.

Mwezi wa Novemba mawingu yalianza kukusanyika upande wa Mkalama. Kila mwenye tembe hupandisha udongo mpya juu ya paa kabla ya mvua, ili maji yasipenye. Jumamosi Lazaro aliwaita majirani. Walikuja wanaume kumi na wawili na vikapu vyao. Udongo ulikuwa umerundikwa uwanjani, mzito na mbichi.

"Mama, toka nje kidogo," Lazaro alisema. "Vumbi litakusumbua."

"Sitoki," Bibi alijibu kutoka ndani. "Nikimwachia Ntandu chumba, hatanirudishia. Na mtoto kalala, msimwamshe."

Felista aliingia chumbani. Paskali alikuwa amelala chini ya boriti kuu. Felista akakunja ngumi, akagonga nguzo kama alivyomwona baba yake akigonga, ila yeye alitega sikio. Sauti ilikuwa tupu, kama ya ngoma. Kisha kutoka ndani mwake ikajibu: krr, krr, krr. Boriti ikalia juu, na udongo ukamwagika usoni pa mtoto.

Nje, Manase alikuwa ameshakanyaga gogo la kupandia, kikapu begani. "Ntandu, jikunje!" alitania. "Wageni wako wazito!"

Felista alichomoka. "Shuka! Baba Ezekieli, shuka! Msipande!"

"Kulikoni?" Lazaro aliuliza kwa ukali. "Unawaamuru wakubwa?"

"Nguzo ya kati, Baba." Alinyoosha mkono kuelekea chumbani. "Sikuiunguza. Niliipaka mkaa."

Lazaro alimtazama binti yake kana kwamba haelewi Kiswahili. Uso wake ulijaa aibu mbele ya watu kumi na wawili, mkono wake ukapanda. Halafu akageuka, akachukua panga, akaingia ndani. Alipiga nguzo mara moja. Panga halikugota kwenye mti. Lilizama kama katika uji wa mtama, na mchwa weupe wakamwagika miguuni pake.

"Mtoeni Mama! Mtoeni mtoto!"

Wakatolewa. Wanaume wakaishika boriti kwa miti ya panda, wawili wawili, pole pole, bila utani. Manase alikuwa anautazama mguu wake uliokanyaga gogo.

Mchana huo Lazaro alileta gogo la mkambala, mti mgumu, aliloliweka akiba. Hakumpiga Felista. Aliwasha moto tu, akaweka gogo, akasema, "Kazi yako inakungoja."

Felista aliligeuza gogo lile mpaka jua likakaribia kuzama. Macho yalichuruzika machozi kwa moshi, viganja vikapasuka. Hakuna aliyemsaidia, na hakuomba msaada. Baba yake alipokuja hakupitisha kiganja. Alichukua kisu, akakwangua. Chini ya weusi palikuwa na weusi.

"Sasa nguzo imeungua," alisema.

Bibi Dorkas alikuwa ameketi karibu, Paskali mapajani. "Mjukuu wangu," aliita, "unajua ni nani uliyemkosea zaidi?"

"Baba. Na wewe, Bibi, na Paskali."

"Sisi tuna midomo, tutakulaumu na kukusamehe. Umemkosea Ntandu. Alikufa akiulinda mji huu, na sisi tukamwita mla watu, kwa sababu wewe ulinyamaza. Uongo unahitaji mtu wa kuubeba, mama. Usipoubeba wewe, atabebeshwa mwingine, na marehemu hajui kujitetea. Kazi iliyofanywa kwa udanganyifu hupendeza macho ya watu siku moja tu. Mchwa hawadanganyiki kwa rangi. Ukikosea, sema mapema, kabla watu hawajapanda juu ya paa."

Kesho yake Felista alikoroga uji wa uwele, akaumimina mahali ulipokuwa mlango wa zamani wa mahame. Safari hii haikuwa kwa woga. Kisha akaingia kufagia chumba cha Bibi, chenye nguzo mpya sasa. Alisimama kimya, ufagio mkononi, akasikiliza kwa muda mrefu.

Nyumba haikusema neno.