Kathini na Neno "Funga"

Ko, ko, ko. Ko, ko, ko.

Kabla hajaiona karakana, Kathini alijua ni nyundo ya Khamala. Mafundi wengine hupiga misumari kama wanaogombana na mbao. Khamala hupiga mara tatu, anapumzika, kisha anapiga tena. Asubuhi hiyo alirudia hivyo mara mbili tu, nyundo ikanyamaza.

Kathini aliongeza mwendo, ingawa miguu haikutaka. Alikuwa ametembea kutoka Kawangware, anakoishi, hadi Soweto East huku Kibera, kama afanyavyo kila siku. Usiku alikuwa amelala kidogo. Usiku wa kuamkia jana vilevile.

Katika karakana hiyo mafundi tisa hutengeneza madawati ya shule. Kathini si fundi. Yeye ni katibu wa kikundi, na kazi yake ni mikataba. Kikundi kina mikataba na shule kumi na tisa. Kila mkataba una siku ya kupeleka madawati, siku ya kurekebisha yaliyovunjika, na siku ya mwisho. Zamani mikataba ilikaa kwenye faili, na panya waliisoma kuliko watu. Mwaka jana kikundi kilianza kuiweka katika programu ya mikataba, kwenye kompyuta. Panya wakakosa chakula, lakini Kathini hakupata nafuu. Alifungua mkataba mmoja, akasoma, akaandika tarehe, akafungua mwingine. Ikifika jioni macho yalimwasha kama mtu aliyemenya gunia zima la vitunguu.

Ndipo wiki iliyopita akaona video kwenye simu. Ilieleza habari za ajenti wa akili unde, ile ambayo vijana huiita AI. Unamwambia ajenti unachotaka kwa maneno ya kawaida, naye anafanya. Anaifikia programu kupitia zana ya amri. Hilo ni dirisha jeusi kwenye kompyuta, halina picha wala vitufe. Unaandika amri, na programu inatii. Ajenti naye anaweza kuandika amri hizo, tena upesi kuliko mtu.

Kathini alifuata hatua zote za video. Zana ilipoomba ufunguo, aliipa ufunguo wake mwenyewe, ule wa katibu. Kwa siku tatu alipumua. Ajenti alisoma mikataba yote kumi na tisa kabla maji ya chai hayajachemka.

Sasa Khamala alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi.

"Mama Mbithi," alimwambia Kathini, "umetufuta kazi na hata chai hatujanywa."

Akamsomea ujumbe. Ulitoka kwa Mwalimu Lavender, mkuu wa shule moja ya Kawangware. Mwalimu alisema amepokea ilani ya kikundi ya kusitisha mkataba. Amesikitika. Kamati ya shule itakutana leo saa nane mchana kutafuta mafundi wengine.

Kathini aliketi juu ya dawati ambalo lilikuwa bado halijapigwa msasa. Shule hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ikiondoka, mafundi wanne kati ya tisa watarudi kusimama barabarani kutafuta vibarua. Na shule ilikuwa imekubali kuendelea miaka miwili zaidi! Kilichobaki ni kikundi kukubali pia. Jana jioni, macho yakifumba yenyewe, alimwambia ajenti amalize jambo hilo. Ilani ya kusitisha ilitoka wapi?

"Mimi nilikuambia ajenti ni ajenti," Khamala alisema. "Yule anayekusanya kodi ya nyumba yetu alinifungia mlango nikiwa ndani."

Kathini aliinuka. Alimwita Taha.

Taha ni kijana Mnubi, mzaliwa wa Makina, hapahapa Kibera. Hutengeneza kompyuta katika chumba kilichopakana na karakana, na huandika programu pia. Alikuja na kikombe chake cha chai. Hakuuliza nani mwenye makosa. Alifungua dirisha jeusi, akaiambia zana imwonyeshe kumbukumbu, yaani orodha ya kila amri iliyopita hapo.

"Hii hapa," alisema. "Jana, saa moja na dakika kumi jioni. Amri ya kusitisha, na programu ikatuma ilani yenyewe. Ulikuwa umemwambia nini?"

"Afunge mkataba."

"Kwa maneno gani hasa?"

"'Funga mkataba wa shule ya Kawangware.' Basi."

Taha aliweka kikombe chini. "Mathe, mama yangu, watu hufunga ndoa. Pia hufunga duka. Wewe ulitaka ndoa, yeye akafunga duka."

Khamala alicheka, kisha akaukumbuka ujumbe, akaitazama simu yake.

"Kwa hivyo ni Kiswahili changu kimetuponza?" Kathini aliuliza. Sauti yake ilikuwa imechoka hata kukasirika.

"Kiswahili chako kiko sawa. Huyu alibahatisha. Hata mtu hubahatisha. Shida ni kwamba alipobahatisha, mlango ulikuwa wazi."

Akawaeleza polepole. Ajenti ndiye anayefikiri na kuandika amri. Zana inazibeba amri hizo hadi kwenye programu. Ufunguo ndio unaoamua amri ipi itapita na ipi itakataliwa. Ufunguo wenyewe ni msururu wa herufi na tarakimu, kama tokeni ya stima, lakini huu hauwashi taa, unafungua milango. Ufunguo wa katibu unafungua yote: kusoma, kuandika, kukubali, kusitisha, kufuta. Kathini alikuwa amempa mgeni wa siku tatu funguo za nyumba nzima.

"Mgeni ukimkaribisha, unampa kiti sebuleni," Taha alisema. "Humpi sanduku la chumbani."

Walianza kwa kuuzima ufunguo wa zamani. Kisha Kathini mwenyewe aliingia kwenye programu, akatengeneza ufunguo mpya kwa ajili ya ajenti peke yake. Ulikuwa na ruhusa mbili tu: kusoma mikataba, na kuandaa rasimu. Kukubali, kusitisha na kufuta vilibaki kwa mtu.

Alitaka kumwandikia ajenti ufunguo huo kwenye mazungumzo. Taha akamzuia mkono. Yanayoandikwa kwenye mazungumzo huhifadhiwa, na wengine wanaweza kuyaona. Ufunguo huwekwa kwenye zana yenyewe, kwa amri yake ya kuingia, na zana inauficha. Ajenti anaitumia zana bila kuuona ufunguo.

Baadaye walimwandikia ajenti maagizo. Akikutana na neno lenye maana mbili, aulize. Akimaliza rasimu, amwonyeshe katibu.

"Sasa tuko salama?" Khamala aliuliza.

"Maagizo si kufuli," Taha alijibu. "Mimi mama huniagiza sukari, narudi na majani chai. Ajenti naye anaweza kuteleza. Kufuli ni ule ufunguo mdogo. Akiteleza, agonge mlango uliofungwa."

Wakajaribu. Waliandika mkataba wa uongo, wa shule isiyokuwepo, na Khamala akadai awe mwalimu mkuu. Kathini akamwamuru ajenti kwa maneno wazi kabisa: sitisha mkataba huu. Ajenti akaandika amri. Zana ikajibu kwa mstari mmoja kwamba ufunguo huo hauna ruhusa ya kusitisha.

"Mwalimu mkuu amefurahi," alisema Khamala. Lakini alikuwa akiitazama saa.

Kathini alipiga simu shuleni mara tano. Haikushikwa. Alichapisha ule ukurasa wa kumbukumbu, akaiweka kompyuta kwenye mfuko, akarudi Kawangware kwa njia ileile aliyokuja nayo.

Mwalimu Lavender alikuwa ofisini akisahihisha madaftari. Macho yake pia yalikuwa mekundu. Alimsikiliza Kathini bila kumkatiza, akausoma ukurasa, kisha akauliza kama sasa makosa yote ya mafundi yatakuwa ya mashine.

"Hapana, Mwalimu. Mashine iliandika amri, lakini ufunguo niliutoa mimi. Kosa ni langu, na sasa mlango nimeutia kufuli."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Akamwambia amwonyeshe.

Kathini alifungua kompyuta kati ya madaftari. Akaandika yale maneno ya jana, bila kubadilisha hata herufi: Funga mkataba wa shule ya Kawangware. Wanawake wawili wakainama kusoma jibu. Ajenti aliuliza kama anataka kuukamilisha mkataba au kuusitisha. Akaongeza kwamba yeye hana ruhusa ya kufanya lolote kati ya hayo. Anachoweza ni kuandaa rasimu, katibu aisome.

Kathini alijibu kwamba shule na kikundi wanataka kuendelea kwa miaka miwili. Rasimu ikaja. Aliisoma yote, mstari kwa mstari. Kwenye ukurasa wa pili aliona tarehe ya mwaka uliopita, akairekebisha. Mwalimu aliliona hilo pia. Aliichapisha rasimu hapohapo ofisini, akaenda nayo kwenye kamati.

Kathini alisubiri nje, kwenye benchi. Watoto walikuwa wakiimba majedwali ya kuzidisha. Alisinzia, akaamka, akasinzia tena.

Saa tisa na nusu Mwalimu Lavender alitoka. Kamati imekubali. Mkataba unaendelea miaka miwili. Kathini alitaka kusimama amshukuru, lakini Mwalimu aliketi karibu naye.

"Ile ya jana, uliisoma kabla haijatoka?"

"Sikuisoma. Nilikuwa nimechoka."

"Na utachoka tena, Mama Mbithi. Sisi sote tutachoka. Mashine itakuuliza, na wewe utabonyeza kubali ukiwa umefumba macho. Hapo kufuli lako litasaidia nini?"

 Swali hilo Taha hakuwa ameliuliza. Kathini aliyatazama madirisha ya darasa, na nyuma ya madirisha watoto watatu watatu kwenye dawati la watu wawili.

"Nikichoka, karatasi italala," alisema. "Haitatoka jioni. Asubuhi nitaisoma kwa sauti mbele ya Khamala, neno kwa neno, naye akiielewa ndipo nitabonyeza. Hakuna barua itakayokufikia kutoka kwetu kwa njia nyingine. Hilo nakuahidi, Mwalimu."