Katoke Si Mahali

Kule Kishanda, wilayani Muleba, mtoto hakuondoka nyumbani kwenda shule kabla ya kuanika kahawa. Datius, mwanafunzi wa darasa la sita, naye aliteka maji bondeni, akakata majani ya kutandika sebuleni, kisha akatandaza buni kwenye mikeka uani. Lakini mikeka ya kwao ilikuwa na kitu ambacho ya majirani haikuwa nacho. Katikati ya buni kulikuwa na betri za redio zimelazwa juani.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita vya Kagera. Duka la kijiji lilikuwa na rafu nzuri na muuzaji mpole, ila bidhaa hazikuwepo. Sabuni ilitafutwa, sukari ilitafutwa, na betri mpya ilikuwa jambo la kusimuliwa tu. Aliyekuwa na betri zilizochoka alizianika zipate nguvu kidogo.

"Iko siku utatuletea kahawa yenye ladha ya betri," mama yake, Klaudia, alimwambia huku akipepeta maharage. "Ushirika ukiirudisha, utainywa wewe."

"Jioni naziondoa, Mama."

Betri hizo zilikuwa za redio kaseti ya mjomba wake, Projestus, dereva wa lori, aliyekuwa ameileta kutoka Bukoba pamoja na kaseti moja ya muziki wa rege. Kwa kuwa betri zilikuwa nusu mfu, kaseti ilizunguka kwa kujikokota. Mwimbaji wa Jamaika wa watu alisikika kama mtu aliyeamshwa usingizini, na ngoma zilikuja moja moja kwa uvivu. Datius na wenzake hawakujua kwamba huo haukuwa mwendo wake. Walidhani rege ndiyo hiyo, wakaiiga hivyo hivyo.

Wenzake walikuwa wawili. Joviana alipiga ngoma, na walipojitokeza watu wa kusema kwamba msichana hapigi ngoma, aliwajibu kwa kuipiga kwa nguvu zaidi. Gamaliel alipiga besi, yaani sanduku la mbao lenye waya mmoja mnene. Datius mwenyewe aliimba na kupiga gitaa alilolitengeneza kwa debe la mafuta na nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Mwalimu wao, Byabato, aliwasikia mara ya kwanza wakifanya mazoezi nyuma ya ghala la shule.

"Hii ni rege au legelege?" aliuliza.

Shule nzima ilicheka. Joviana, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alisema kwamba jina la bendi sasa limepatikana. Tangu siku hiyo wakaitwa Legelege Bendi.

Nyimbo alizitunga Gamaliel. Alikuwa mtoto mkimya, tena mkimya wa kupindukia tangu vita vilipoisha. Kaka yake mkubwa, Buberwa, aliitwa kwenye mgambo, akavuka mpaka na wenzake, na hakurudi. Watu wa jeshi walikuja kuleta taarifa kwamba alizikwa huko huko. Mama yao aliendelea kuitwa Mama Buberwa, kwa sababu mama huitwa kwa jina la mtoto wa kwanza, na hakuna aliyethubutu kumwita vinginevyo. Nyumbani kwao jambo hilo halikuzungumzwa, na Datius, ingawa alikuwa rafiki wa Gamaliel tangu utotoni, hakuwahi kuuliza.

Jioni moja Gamaliel alikuja na wimbo mpya. Aliuimba akiwa ameinamia sanduku lake, sauti ikitoka kwa shida:

*Katoke, Katoke, mvua imekatika,*
*migomba imezaa, hujarudi kula.*
*Mama ameacha mlango wazi,*
*Katoke, Katoke, hujarudi.*

Joviana aliacha kupiga ngoma. Datius alisikia mwili ukimsisimka. Neno lenyewe alilijua, maana nani Mhaya asiyejua kwamba katoke ni kindizi kidogo? Lakini Katoke pia ni mahali, kule kwenye chuo cha ualimu, na yeye akili yake ilikimbilia huko moja kwa moja. Aliona ni wimbo wa mtu aliyekwenda kusoma akakawia kurudi. Hakuuliza. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutafuta sauti ya kwanza kwenye gitaa.

"Nina ombi moja," Gamaliel alisema. "Mkiuimba mbele za watu, semeni ni wimbo wa nyumbani kwetu."

"Nitasema," Datius alijibu bila kuinua macho.

Sikukuu ya Saba Saba ilipofika, shule zilialikwa Muleba kwa kwaya, ngonjera na ngoma. Mwalimu Byabato, baada ya kusitasita sana, aliiandikisha pia Legelege Bendi. Kwa bahati mbaya Gamaliel aliamka na homa kali siku hiyo. Sanduku lake lilichukuliwa na mwenzao wa darasani, na lori la ushirika liliondoka limejaa watoto, na akina mama wa kwaya ya kijiji wamekaa mbele juu ya magunia. Mama Buberwa alikuwa mmoja wao. Alikuwa amemwachia Gamaliel uji na jirani wa kumtazama, kwa sababu kwaya isingeweza kuimba bila sauti yake.

Zamu ya Legelege Bendi ilifika mchana, watu wakiwa wameshachoka na hotuba. Wachache walicheka walipoliona lile debe. Kisha Datius alianza kuimba kwa mwendo ule wa betri zilizochoka, na kicheko kikaisha. Hakuna Muleba aliyewahi kusikia muziki wa namna ile. Wazee waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alianza kuyumba taratibu bila kujijua. Mama Buberwa, aliyekuwa ameketi na wanakwaya wenzake, aliinua uso aliposikia jina lile, na machozi yakamtoka, lakini alikuwa akitabasamu.

Walipomaliza, mtu mrefu mwenye kofia ya kusuka alipanda jukwaani akashika kipaza sauti. Alikuwa Ndugu Mushumbusi, kiongozi wa bendi iliyokuwa ikipiga dansi Bukoba mjini, bendi yenye magitaa ya umeme.

"Kijana, huu wimbo nani ameutunga?" aliuliza, na uwanja mzima ulisikia.

Datius alitazama umati. Wote walikuwa wanamwangalia yeye. Maneno "ni wimbo wa nyumbani kwa Gamaliel" yalikuwepo mdomoni, mazima kabisa, lakini utamu wa kutazamwa na watu wengi kiasi kile uliyazuia.

"Mimi," alisema.

"Mwenyewe! Na huyu Katoke ni nani?"

"Si mtu. Ni kule Katoke, kwenye chuo cha ualimu. Nataka kwenda kusoma huko niwe mwalimu."

Watu walipiga makofi na kucheka kwa furaha. Mwenyekiti aliwahimiza watoto wote wawe na malengo kama ya kijana yule. Ndugu Mushumbusi alimshika Datius bega, akamwalika yeye na wenzake waje kupiga Bukoba Jumapili moja alasiri, mbele ya watu wa mjini. Katikati ya shangwe ile Joviana peke yake ndiye aliyemwona Mama Buberwa akisimama, akajifunika uso kwa kanga, akatoka uwanjani.

Walipoteremka kwenye lori Joviana alimgeukia Datius.

"Umeiba wimbo wa mwenzako akiwa kitandani."

"Ni jina tu, Joviana! Gamaliel hajali mambo ya majina."

"Basi nenda ukamwambie mwenyewe."

Datius alikwenda kesho yake, akiwa amejiandalia maneno mazuri kuhusu Bukoba na magitaa ya umeme. Alimkuta Gamaliel amekaa kizingitini, homa imempungua, blanketi mabegani.

"Tumealikwa Bukoba!" Datius alisema. "Sote watatu."

"Mama ameniambia ulichosema," Gamaliel alijibu.

"Nilipitiwa tu. Na wewe hukunieleza kwamba Katoke..."

"Katoke ni Buberwa." Sauti ya Gamaliel ilikuwa ndogo. "Alipokuwa mtoto alikataa chakula chochote ila vindizi vidogo. Mama akawa anamwita Katoke. Hata siku anaondoka alimwita hivyo, pale njiani, mbele ya askari, na wote wakacheka. Wewe umewaambia watu ni chuo."

Gamaliel aliingia ndani, akatoka na ule waya mnene wa besi, ameshauvua kwenye sanduku na kuuzungusha vizuri. Akamwekea mkononi. Kisha akafunga mlango.

Datius alilia njia nzima, akijifuta kwa mkono ulioshika waya. Aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona huruma, maana sasa aliuelewa ule wimbo, kila mstari wake. Mlango ulioachwa wazi ulikuwa ule ule aliofungiwa. Alimwendea Mwalimu Byabato akamweleza yote bila kujipunguzia kosa.

Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho. "Unataka nikuchape ili moyo wako upoe?" aliuliza. "Siwezi kukusaidia hivyo. Uongo wako hukuniambia mimi hapa ofisini. Uliusema kwenye kipaza sauti, na ukweli nao unadai kipaza sauti."

"Na Bukoba, Mwalimu? Nikisema, hawatanitaka tena."

"Huenda," Mwalimu alisema. "Nenda kalime shamba la shule na wenzako. Utafikiri vizuri zaidi ukiwa na jembe."

Jumapili ile walikwenda Bukoba, Datius, Joviana na Mwalimu wao. Ukumbi ulikuwa umejaa vijana wenye suruali pana na mashati yaliyopigwa pasi. Waliokuwepo Muleba walikuwa wameshaeneza habari, na watu walikuwa wakiita "Katoke! Katoke!" kabla hata ya watoto hao kupanda jukwaani. Kwa mara ya kwanza maishani Datius alishika gitaa la umeme. Aligusa uzi mmoja, na sauti iliyojaa ukumbi ilimfanya atamani kusahau kila kitu na kuanza kuimba. Akakisogelea kipaza sauti.

"Pale Muleba nilisema uongo," alisema. "Wimbo wa Katoke sikuutunga mimi. Ameutunga rafiki yangu, Gamaliel. Na Katoke si mahali. Ni kaka yake, Buberwa, aliyekwenda vitani hakurudi. Leo siuimbi, kwa sababu wenyewe hawajaniruhusu."

Halafu mtu mmoja nyuma akapiga mluzi, na wengine wakaguna kwa kukatishwa tamaa. Datius aliimba wimbo mwingine, wimbo wa shule kuhusu kilimo, na kwa mwendo ule wa kujikokota ulichekesha zaidi kuliko kufundisha. Makofi yalikuwa machache. Ndugu Mushumbusi alilichukua gitaa lake taratibu, akatazama chini.

"Kaka yangu mimi pia alikwenda," alisema kwa sauti ambayo Datius peke yake aliisikia. "Ukikua, uje unione."

Walirudi Kishanda. Datius alikuwa amepoteza Bukoba, na rafiki alikuwa bado hajampata. Lakini Joviana hakuwa mtu wa kukaa na habari tumboni. Kabla ya mwisho wa wiki Mama Buberwa alimwita Datius, akampeleka nyuma ya nyumba, ndani ya kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, kivulini.

"Unaona hapa?" alimwonyesha. "Hapa amelala baba mkwe wangu. Hapa mama mkwe. Na hapa..." Alionyesha mahali palipofagiwa vizuri, pasipo na tuta wala msalaba. "Hapa ni pa Buberwa, jamani waitu. Hapana aliyelala. Sisi watu wetu tunawazika kwenye kibanja, tupalilie migomba tukiwa nao karibu. Wa kwangu sijui hata amelala chini ya mti gani. Gamaliel alipoona nafagia hapa kila siku bila kuwa na kitu cha kufagia, ndipo alipomtungia kaka yake ule wimbo. Ndilo kaburi tulilokuwa nalo."

Datius alipiga magoti palepale penye udongo mtupu. "Nisamehe, Mama."

"Nimeshakusamehe, mwana wange. Nilikusamehe niliposikia umeyasema Bukoba, mbele ya wale wale waliokushangilia. Lakini sikiliza. Hukuchukua sifa tu. Ulipojiweka wewe mahali pa jina la Gamaliel, na chuo mahali pa mwanangu, ulituondolea mtu ambaye tulishaondolewa. Kitu cha mwenzako, hata kikiwa cha kuimbwa na hakishikiki mkononi, kina mwenyewe. Useme ni cha nani kabla hujakigusa. Sasa imba. Anza na majina."

Gamaliel alikuwa amesimama kwenye migomba, haijulikani tangu saa ngapi. Datius aliyataja majina, kisha akaimba bila gitaa, taratibu, kwa mwendo wa betri zilizochoka, na Mama Buberwa alilia kwa sauti kama ambavyo hakuwahi kupata nafasi ya kulia. Wimbo ulipokwisha Gamaliel alikuja akampa mkono.

"Unaweza kuuimba," alisema. "Ila mimi sirudi kwenye bendi."

Na kweli hakurudi. Miaka ilipita, Datius akamwendea Ndugu Mushumbusi, akawa na bendi yake ya rege iliyojulikana Bukoba na Muleba kote. Mashabiki walishangaa kwa nini wimbo mmoja aliupiga polepole kuliko nyingine zote. Hakuwaeleza habari za betri. Alisogea tu kwenye kipaza sauti, na kabla ya kugusa uzi wowote alisema, "Huu ni wa Gamaliel, wa Kishanda. Ni wa kaka yake, Buberwa, ambaye mama yake alimwita Katoke."