Rangi Isiyopimwa

Kila akitoka shule, Faustina alipitia saluni ya mama yake pale Mwanjelwa. Alivua sweta, akafagia nywele sakafuni, akaosha mabakuli ya rangi, ndipo akafungua daftari la hesabu. Alikuwa darasa la sita, na kazi zile alizifanya vizuri, isipokuwa siku alizonuna.

Jumatano moja alinuna kwelikweli. Timu ya netiboli ilikuwa inachaguliwa saa kumi, na mama yake, Tusajigwe, alikuwa amesema haendi popote kabla ya kumaliza kazi. Kazi yenyewe ilikuwa Mama Anjela wa Iyunga, ambaye Jumamosi alikuwa anamuaga binti yake anayeolewa. Yeye na dada zake walikuwa wamepanga sare ya kitenge, sare ya viatu, na sasa hata sare ya nywele: wote wapake nyekundu iliyoiva ya damu ya mzee.

"Dada zako hawana mvi," Tusajigwe alimwambia bila kuzunguka. "Wewe unazo kichwa kizima. Nyekundu kwenye mvi hutoka kama karoti. Na wewe ni maji ya kunde, kahawia iliyokolea ndiyo itakupendeza."

Mama Anjela alibisha, akajitazama kwenye kioo na kipande cha nywele za mfano shavuni, akabisha tena, mwishowe akakubali. Yakanunuliwa maboksi mawili ya kahawia hiyo dukani kwa mzee Shiraz, ng'ambo ya barabara, moja la kupimia na moja la kupaka Ijumaa. Tusajigwe hakumpaka mtu rangi mpya kabla tone lake halijakaa siku mbili nyuma ya sikio, ili ajue kama ngozi inaikataa.

"Faustina, changanya kidogo umpake," alisema, huku anamsuka mteja mwingine.

Kuchanganya kulitaka glavu, vipimo na dakika kumi. Faustina akatazama saa. Kwenye bakuli moja ilikuwa imebaki rangi nyeusi ya mteja wa asubuhi, ya kampuni nyingine kabisa. Rangi ni rangi, akajiambia kwa hasira. Akampaka hiyo, akalificha boksi jipya nyuma ya mataulo, akakimbilia uwanjani. Timu ilikuwa imeshachaguliwa.

Ijumaa Mama Anjela alisema hakuwashwa hata kidogo. Faustina alisikia, akainama kufagia. Tusajigwe akafungua boksi la pili, akapaka, na rangi ikatoka nzuri mno.

Jumamosi asubuhi Mama Anjela aliletwa saluni na dada yake, wakitokea zahanati. Uso ulikuwa umeumuka, jicho moja limefumba kabisa, na pembeni ya nywele ngozi inatoka maji.

"Ndiyo kazi yako hii?" dada mtu alifoka. "Leo mtoto anaagwa, mama yake yuko hivi?"

Tusajigwe alipandwa na hasira. Alijua amepima. Kama tone halikumdhuru na rangi imemdhuru, basi boksi la pili ni feki. Akalichukua, akamshika Faustina mkono, akavuka barabara.

"Mzee Shiraz, umeniuzia sumu," alisema, na watu wakageuka.

"Mama Faustina, rangi hiyo naiuza mwaka wa tatu. Hajalalamika mtu."

"Basi mimi ndiye wa kwanza. Watu wajue unauza nini."

Mama mmoja akarudisha mafuta aliyokuwa ameshalipia. Mwingine akasema duka kama hilo lifungwe. Mzee Shiraz alianza kuteremsha maboksi ya rangi kutoka kwenye rafu. Faustina akaona vibaya, vibaya sana. Kunyamaza zaidi ya hapo kungekuwa kumwibia yule mzee jina lake mchana kweupe.

"Mama, sikumpima na hii. Nilimpaka ile nyeusi iliyobaki. Boksi la kupimia liko nyuma ya mataulo."

Tusajigwe aliuachia mkono wa Faustina. Kisha akawageukia watu. "Rangi yake haina kosa. Kosa ni la kwangu. Nisamehe, mzee."

"Miaka yote hii," Shiraz alisema, naye kakasirika, "na hukuniuliza kwanza."

Tusajigwe na Faustina wakaenda Iyunga, ambako Mama Anjela alikuwa amesharudishwa nyumbani. Faustina alipiga magoti mbele ya Mama Anjela, akasema yote mwenyewe, mama yake akiwa amesimama tu.

"Sitakuambia hakuna shida," Mama Anjela alisema. "Shida ipo, na nina hasira. Nesi kasema uvimbe utaisha kwa dawa, lakini hautaisha leo. Uvivu wako ulikuwa wa dakika kumi. Ungeusema Jumatano, ungegombezwa, tungepima upya, yangeisha. Ulinyamaza siku tatu, ukaniacha nikae kwenye kile kiti. Hapo hukuwa mvivu tena, Faustina. Ulikuwa mwongo, na uongo wako nimeuvaa mimi mwilini."

Faustina alilia. Hakuna aliyembembeleza.

"Inuka," Mama Anjela akasema hatimaye. "Mama yako atanifunga kilemba, wewe utashika pini. Simama hapa mbele, uniangalie usoni mpaka tumalize."