Boya la Pikipiki ya Baba

Jua lilikuwa linazama dada aliponifuata uani. Alikuwa ametoka chumbani kwa baba, macho mekundu.

"Dawa imeisha, kaka. Usipoileta leo, hatumpati kesho."

Duka la dawa liko mbali, na chombo pekee kilichokuwepo ni pikipiki ya baba, kuukuu, imenizidi hata mimi umri. Nikatazama geji ya mafuta. Mshale unasema tangi lina robo. Nikafungua kifuniko, nikachungulia.

Kukavu kabisa.

Hasira zikanipanda. Mimi ni fundi pikipiki, na chombo kinachodanganya na mimi hatupikiki chungu kimoja. Kidumu cha petroli nilikuwa nacho, lakini lile tangi huvuja. Bila geji ya kweli ningeishiwa porini, dawa mfukoni, baba anakata roho. Ni kweli alitukataza tangu utoto tusiiguse geji hiyo. Lakini sasa alikuwa hajitambui, nani wa kunizuia?

Nikachomoa waya. Ukichomoa waya, mshale lazima ulale.

Haukulala.

Nikasema labda umekwama. Nikafungua tangi chini, nikalitoa boya, lile kopo dogo la shaba linaloelea juu ya mafuta na kuusogeza mshale. Nikalitikisa sikioni. Boya likitoboka hunywa petroli, na ukilitikisa utasikia ikichezacheza ndani.

Nilisikia kitu. Kinapanda... kinashuka... kinapanda...

"Petroli hiyo," nikajiambia.

Sisi mafundi boya la hivyo tunalitoboa kwa msumari, tunalimwaga, tunalipuliza kwa mdomo likauke, tunaliziba kwa risasi iliyoyeyushwa. Nikapiga msumari.

Halikutoka hata tone.

Ilitoka pumzi. Ya moto, ikanipiga usoni, ikinuka mafuta ya nazi ya kupaka nywele. Na ndani yake, kwa mbali, sauti ya mwanamke.

"Kitonge... umefanya nini?"

Hakuna anayeniita Kitonge. Aliyeniita hivyo alikuwa mama, na mama tulimzika nikiwa sijaanza shule.

Nikageuka kutazama geji. Waya uko chini, haujaunganishwa na kitu. Mshale ulikuwa unashuka.

Ndani dada akapiga ukelele. "Kaka! Baba hapumui!"

Jamani, sikufikiri. Mikono na mdomo vilifanya vilivyozoea. Nikaliweka tundu midomoni, nikapuliza.

Mshale ukasimama.

Nikapuliza tena. Ukapanda kidogo. Nikapuliza mpaka macho yakaingia giza, kifua kikawaka moto, mshale ukafika juu kabisa. Nikaliziba tundu kwa risasi huku nalia kama mtoto, nikalirudisha boya tangini.

Nilipoingia chumbani baba alikuwa amekaa kitandani, anaomba chai. Dada alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Alipokwenda jikoni, baba akanishika mkono.

"Umelifungua," akanong'ona.

"Mle ndani alikuwa mama?"

"Wakati ule mimi ndiye niliyekuwa nakufa, si yeye. Akalipuliza kwa hiari yake, pumzi yake ikaniweka hai, yeye akaisha. Aliyemfundisha simjui, na hakuniambia." Akanitazama kifua. "Na wewe umepuliza sana?"

Nilikuwa nahema tu.

Ile dawa hatukuifuata tena. Baba sasa analima bustani, anataniana na majirani, anakula sahani mbili. Mimi nikiinua tairi lazima nikae chini. Daktari kanipima, kasema mapafu yangu hayana kasoro yoyote. Mara mbili nimeushika msumari nikasimama mbele ya lile tangi. Baba yangu nampenda, jamani. Na kufa nako sitaki. Nikaurudisha msumari kwenye boksi.

Kila asubuhi baba hutoka uani, huchungulia mshale kwanza. Ndipo huniuliza nimeamkaje.

Leo mshale ulikuwa chini ya nusu. Baba aliutazama kwa muda mrefu, akanitazama na mimi, hakuniuliza kitu.

Kisha akamwita dada, taratibu, kwa upole, aje mara moja hapo kwenye pikipiki.